Mjuzi wa Divai

Kikombe cha kwanza Jean-Claude alikinywa akiwa amepiga magoti, mikono imefungwa nyuma, damu ya pua ikidondokea humo humo. Aliyemnywesha ni Kasika, mkuu wa wapiganaji walioshika kilima chote nyuma ya Karuba.

“Sema hii iko ya wapi,” Kasika alisema. “Kama uko serveur wa kweli wa hoteli, utajua. Koti, kila muntu anaweza kuvaa.”

Hapo alisema kweli. Koti jekundu alilovaa Jean-Claude halikuwa lake. Asubuhi ile ile lilikuwa mwilini mwa Pierre, mhudumu wa hoteli moja ya Goma, aliyekuwa akipeleka divai harusini Masisi. Jean-Claude aliomba lifti katika gari lake. Walipopita Mushaki, kwenye kona, risasi zikawamiminikia. Dereva alikufa ameshika usukani. Pierre alipigwa ya kichwa.

Kufa kufaana. Jean-Claude alikuwa kapteni wa jeshi, kambi ya Mubambiro, akienda likizo na nguo za kiraia. Alikizamisha kitambulisho chake matopeni, akamvua maiti koti lenye jina “Pierre” kifuani, akalivaa na kuinua mikono.

Sasa walikuwa katika kibanda cha kutengenezea jibini, na meza ya jibini ilikuwa imepangwa chupa za harusi, kila moja imezungushiwa kitambaa ili jina lisionekane. Pembeni aliketi mwanamke aliyenyoa kichwa, amejifunga kitenge cheusi, akichambua maharage. Wapiganaji walimwita Mama Régine, na hakuna aliyepita mbele yake bila kuinama kidogo.

“Mudogo yangu Archange amefungwa mu cachot ya Mubambiro mwezi wa ine sasa,” Kasika alikuwa ameanza kwa kusema. “Kama uko soda, mutu wa jeshi, sema.”

Nani mwenye akili zake angesema? Jean-Claude aliwahi kuwaona wafungwa wa kambi ile wakipigwa, na mara moja alimpiga mmoja yeye mwenyewe. Alijua watu hawa wangemlipa nini.

Bahati moja alikuwa nayo. Jeshi lilimpeleka mafunzoni ng'ambo, Liège, mwaka mzima, akapanga kwa mzee mmoja aliyestaafu biashara ya divai. Kila Jumapili mzee yule alimnyima chakula mpaka ataje kila glasi imetoka mkoa gani. Jean-Claude alimlaani sana wakati ule. Leo alimwombea pepo.

Akaizungusha divai chini ya ulimi.

“Bordeaux,” alisema. “Ya France. Inakamata meno kama chai yenye ilisahauliwa ku moto.”

Kasika alifunua kitambaa, akasoma, akamtazama Régine. Mwanamke aliendelea na maharage yake.

Kikombe cha pili hakikuwa na ladha yoyote ila damu. Jean-Claude alikinywa, akameza, akashindwa kuitambua divai. Wakamfungua mikono, wakamlaza kiganja cha kushoto juu ya meza.

“Nahesabu mpaka tatu,” Kasika alisema. Alipofika tatu, panga likashuka.

Kidole kidogo kiliruka kikaanguka kando ya chupa. Jean-Claude alipiga yowe, akajikojolea, akatapika. Lakini matapishi yalikuwa yamemsafisha damu kooni. Akakinyakua kikombe kwa mkono mzima, akanywa tena.

“Espagne! Rioja! Inanukia vanille, sawa ile ya Beni!”

Ilikuwa kweli. Kasika alicheka na kumrushia kitambaa afunge jeraha. Kicheko kile kilimpa Jean-Claude tumaini. Kikombe cha tatu alikiomba mwenyewe.

“Ya Italie hii. Chianti. Iko kali kama tunda ya marakuja, kisha inakauka mu kinywa.”

Kitambaa kikafunuliwa. Wapiganaji wakapiga makofi kama watu waliomwona mfanya mazingaombwe akitoa sarafu sikioni. Jean-Claude alilia kwa furaha, wala hakuona aibu.

Régine aliweka ungo chini. Sauti yake ilikuwa ya upole.

“Kaka Pierre, kumbe unajua kazi. Kule hoteli, bakubwa bakikuja, nani anabawekeaka divai?”

“Ni mimi, Mama.” Alitaka kuugongomea uongo wake msumari wa mwisho. “Bakubwa bote. Bordeaux, hakuna mwengine anagusaka ile chupa. Njo mimi naifungula, njo mimi naimwanga mu glasi.”

“Hakuna mwengine?”

“Hata mumoja, Mama. Naapa.”

Régine alisimama. Maharage yaliyobaki mapajani yalimwagika chini, hakuyaokota.

“Bwana yangu alikuwa chef, mukubwa wa hawa bote,” alisema. “Bakubwa ba serikali balimwita ku hoteli ya Goma basikilizane juu ya amani. Balimupa Bordeaux. Alitapika damu njia yote, akanifia mu mikono tukiwa hatujafika Sake. Aliniachia majina mbili tu: ya ile divai, na Pierre, serveur mwenye koti nyekundu.”

“Hapana!” Jean-Claude alipiga kelele. “Mama, mimi si Pierre! Pierre alikufa mu gari! Niko kapiteni! Kapiteni wa Mubambiro, naapa!”

Kasika alitikisa kichwa. Alionekana kusikitika kwa dhati.

“Ungekuwa kapiteni, leo tungekuchinjia mbuzi, na kesho tungekubadilisha na mudogo yangu,” alisema. “Lakini kapiteni gani anajua divai vile?”

Akampa Régine panga.