Nafasi Moja Mbele

Hakuwa na cheo. Hakuwa na kiti chenye alama ya daraja lake, wala joho la rangi ya wenzake, wala mkubwa wa kazi wa kumsengenya. Hakuwa na baba, hakuwa na mama, hakuwa na rafiki wa kumtania. Hakuwa hata na ruhusa ya kutoka peke yake kwenda kununua kiberiti.

Na tangu jana, hakuwa na usingizi.

Katika jumba lile kila mtu alijua mahali pake. Wanamfalme mbele, kisha wakuu wa majimbo, kisha mahakimu, kisha makatibu, mpaka mwasha taa aliyekaa karibu na mlango. Aliyewapanga wote hao ni Mzee Mkeka, aliyeitwa hivyo kwa sababu alianza kazi enzi ambazo wageni walikuwa bado wanakaa chini. Ndiye aliyemfundisha mpango huo utotoni, wakisukuma viti pamoja huku wakicheka.

"Humu ndani hata panya wana vyeo," Mzee Mkeka alipenda kumwambia. "Wa jikoni anampisha wa ghalani."

"Na mimi niko wapi?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wewe humo, bwana mdogo. Usijitafute."

Kisha akamfundisha sheria kubwa ya ukumbi, na safari hiyo hakucheka. Kiti kikisogezwa na mtumishi, huo ni uzembe: kinarudishwa, na mtumishi anafukuzwa. Kikisogezwa kwa mkono wa Mtukufu, mtawala wa dola, hakirudi kamwe. Aliyepanda amepanda na kizazi chake, na aliyeshuka ameshuka na kizazi chake.

Jana asubuhi aliingia ukumbini kabla milango haijafunguliwa. Alikuwa akimfikiria Hakimu Mkuu, mzee mwenye masikio mazito. Kwenye karamu iliyopita Hakimu aliulizwa habari za mavuno, akajibu habari za marehemu mkewe, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye pia alicheka. Tangu siku hiyo kicheko hicho hakikumtoka rohoni. Basi akakishika kiti cha Hakimu, akakisogeza mbele nafasi moja. Nafasi moja tu. Nani angeona?

Alipoinua macho, Mzee Mkeka alikuwa amesimama mlangoni na glavu zake nyeupe. Wakatazamana. Nyuma ya mzee, wageni walikuwa wameshaanza kuingia.

Wote waliona. Mkuu wa Kaskazini, mtu mwenye askari wengi kuliko subira, alikuta kiti chake kiko nyuma ya cha Hakimu. Hakuketi. Maofisa wake nao hawakuketi.

"Nani amenishusha?" aliuliza, mkono ukiwa kwenye mpini wa upanga.

Waziri alitazama mbele, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe. Na yeye aliyekisogeza kiti, pale alipokuwa, alifungua mdomo, ulimi ukamganda.

"Ni mimi, mheshimiwa," alisema Mzee Mkeka. "Uzee huu. Macho yamechoka."

Kiti kikarudishwa. Mkuu wa Kaskazini akaketi, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu kwamba hata punda wake angevipanga viti vizuri zaidi. Watu wakacheka kwa nafuu. Mzee Mkeka akavua glavu, kidole kimoja kimoja, akaziweka mezani, akatoka kwa mlango wa watumishi.

Leo mchana yaya aliyemlea alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni. Ni yeye peke yake aliyeambiwa ukweli.

"Mzee wa watu anafunga virago," alisema yaya. "Kazi hana, nyumba hana. Barua ya kumfukuza imeshaandikwa, inangoja muhuri tu. Na wewe umekaa hapo umejikunyata kama kuku aliyenyeshewa!"

"Amesema chochote?"

"Amekusalimu. Amesema kiti kimesharudi mahali pake, kwa hiyo ule chakula chako." Yaya alimsogelea. "Mimi nilikufundisha kuomba radhi kabla hujajua kufunga vifungo vya shati. Imekuwaje, mwanangu?"

"Nikisema ukweli, yaya, mimi hawatanifanya kitu."

"Sasa unaogopa nini?"

"Hicho hicho."

Yaya alisonya, akamsogezea wino. "Andika."

Akaandika. Ni mimi niliyesogeza kiti. Mzee Mkeka hana kosa, alinisitiri tu. Yalikuwa maneno machache. Yaya aliyasoma juu ya bega lake, akampapasa kichwa, akatoka akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake.

Alipobaki peke yake aliwasha mshumaa wa kuyeyushia nta, akasimama dirishani. Uani, wapanda farasi wa Kaskazini walikuwa wakinoa panga na kutaniana, bila haraka yoyote. Kwenye lango la nyuma Mzee Mkeka alikuwa akifunga godoro juu ya mkokoteni. Alilifunga, akalifungua, akalifunga tena, akigeuka kila mara kutazama madirisha ya juu.

Akarudi mezani. Akaishika barua yake juu ya moto mpaka ikamuunguza vidole.

Kisha akaivuta ile nyingine, ya kumfukuza kazi mpanga viti, akaidondoshea nta nyekundu, akavua pete ya tai, ambayo katika dola nzima huvaliwa na Mtukufu peke yake, akaigandamiza mpaka nta ikapoa.

"Ipelekeni," alisema, na walinzi wote mlangoni wakapiga magoti.