Safu ya Maoni

Mwalimu alikuwa na mazoea yake mabaya: safu ya maoni kwenye andalio la somo aliijaza kabla hajatia mguu darasani. "Somo limeeleweka." Basi, mwaka mzima ni hiyo hiyo.

"Dada, njia ya mwongo ni fupi, hata akiwa na chaki," mwalimu wa hesabu alimtania.

Asubuhi hiyo alifungua daftari ofisini, akakuta safu ya leo imeshajazwa. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, hata ile "k" yenye mkia: "Leo, kwa mara ya kwanza, nimefundisha."

Akaupitishia kidole. Wino ulikuwa mbichi.

Kengele ikalia. Kabla hajanyanyuka kitini, akasikia darasa lake, ng'ambo ya uwanja, likiitikia kwa sauti moja:

"Hatujambo, mwalimu!"