Matundu Matatu

Mwanaiki alikuwa ametolewa kizazi, na mama mkwe wake hakuwa na habari. Bi Mafunda aliambiwa tu kwamba mke wa mwanawe wa pekee ameondolewa uvimbe. Akaja na uji wa pilipili manga na kanga ya kumfunga tumbo, kama afungwavyo mzazi.

Alipomfunua aliona vidonda vitatu, kila kimoja kama punje ya mahindi. Akacheka.

"Ndiyo kupasuliwa huku? Mimi mwiba umenichana zaidi."

"Wanapitisha kamera humo, Mama. Hawapasui tena."

"Basi tumbo lako zima, mwanangu. Mwakani nakufunga tena, mjukuu wangu kalala hapo pembeni."

Mwanaiki alimwacha aizungushe kanga. Ilikaza vizuri na kumpa joto alilolitamani tangu aolewe. Kisha akamshika mkono.

"Mama, kizazi wamekitoa. Wamekikata vipande, kikapita humo humo."

Bi Mafunda akaendelea kufunga, polepole, mpaka kanga ikaisha. Hakupiga fundo. Aliishikilia tu ncha yake, na uji ukapoa.

Matundu matatu, na humo kilipita kizazi kimoja, na wajukuu wote.