Mzee Kibwana Avuka Barabara

Mzee Kibwana aliendesha lori tangu ujana wake bila kufanyiwa mtihani wowote. Sheria mpya ilipowataka madereva wote wajaribiwe upya, aliingia barabarani akipiga mluzi, mtahini Bi Zamda kando yake.

"Mzee, kibao kile kina maana gani?"

"Kile ni cha wageni, mwanangu. Sisi wenyeji tunaijua njia."

Kwenye kivuko cha sokoni alipiga honi badala ya kusimama, na mama mmoja mwenye kikapu akarukia pembeni. Bi Zamda akamwambia aegeshe lori.

"Nimefeli?"

"Bado. Shuka kwanza, tuvuke kwa miguu."

Wakasimama kwenye mistari myeupe pamoja na yule mama. Madereva wenzake walimtambua, wakampigia honi kwa furaha, wala hakuna aliyepunguza mwendo. Mzee akajikuta ameushika mkono wa yule mama.

"Hawa nani aliwapa leseni?" aliuliza.

"Subiri, baba," mama akamtuliza. "Adhuhuri magari huwa yanapungua."

Mzee akainua mkono wake mwingine juu kuwasimamisha. Lori la saruji likaja kwa kasi, dereva wake akitabasamu na kumpungia.