Kabari Mbili

Fundi Kitwana alitoka kwenye shimo la gereji akiwa na jibu tayari.

"Mzee Ngwali, ulipolishusha gari, propela inayopeleka nguvu nyuma imekaa mshazari. Ndiyo maana ukikimbia kidogo pikapu inatetemeka kama mwenye homa. Nalinyanyua lirudi kama zamani, basi."

"Usilinyanyue. Libaki chini hivyohivyo."

Mzee mzima na mambo ya vijana! Kitwana akarudi shimoni na spana yake. Angelinyanyua tu, wateja hubisha, kisha hushukuru.

Alikuwa akilegeza nati ya kwanza aliposikia mlango ukifunguliwa. Bi Tunu, mke wa mzee, alikuwa anashuka. Kutoka shimoni Kitwana aliiona miguu peke yake. Ule wa kushoto, uliovimba, ulifika ardhini moja kwa moja, bila kupapasa. Kisha magoti ya mzee yakatua vumbini, na mkono wake ukamvisha mkewe ndara.

"Gari nalo limezeeka," Bi Tunu alicheka. "Limepungua kimo kama sisi."

"Limezeeka, mke wangu," mzee akajibu.

Kitwana akaikaza ile nati. Akatoka, akachukua vipande viwili vya chuma, akaanza kuvichonga kabari kwa tupa. Angezipachika kwenye springi za nyuma, propela ikae sawa na gari libaki lilipo.

Mzee alimtazama kwa wasiwasi.

"Kweli, Bibi," fundi alisema bila kuinua macho, "magari huzeeka." Akaendelea kusugua chuma, taratibu, kabari iwe nyembamba kama ukucha.