Maziwa ya Mama Atupele

Siku hizo kila mama mzazi pale Uyole alidungwa sindano moja, na tangu hapo seli za matiti yake zikawa zinatia chanjo ndani ya maziwa. Sekela hakuwa na neno, ila mwanawe Atupele hakuwahi kulia, hata alipounguzwa na uji. Roho haikumtulia, akaenda kumwuliza nesi.

"Mama Atupele, kila protini ina anwani yake," nesi akamweleza. "Nyingine hubaki ndani ya seli, nyingine hutolewa nje. Chanjo tumeipa anwani ya kutoka na maziwa."

"Chanjo peke yake, sista?"

Nesi akageukia kabati, akawa anapanga chupa zilizokwisha kupangwa.

Sekela akamwachisha mtoto ziwa, akampa maziwa ya ng'ombe. Baada ya siku chache Atupele akakunja uso, akaangua kilio cha kupasua masikio. Mama yake akamkumbatia, naye akilia kwa furaha.

Majirani wakaja mbio, watoto wao kimya mgongoni.

"Ana nini?"

"Ana njaa tu."

Wakatazamana. Mmoja wao akamshusha mwanawe polepole, akamfinya paja, akasubiri.