Jael Mfupi

Jumatano asubuhi Patroba alikuta mmea umeshika kamba ya nguo, umeizunguka mara mbili, na sasa ulikuwa unaitafuta soksi yake.

Akageuza ndoo akaikalia. Hakuwa na nguvu hata ya kukasirika.

Huu ndio mmea ambao mwaka mzima haukuwahi kumpita goti. Ukoo wake ni ule mtambazi wa maua ya rangi ya chungwa yenye jicho jeusi, unaopanda kila uzio kuanzia Khwisero hadi kando ya msitu, na ambao ng'ombe akilala usingizi mzito utampanda pia. Tangu astaafu udereva wa basi la shule, Patroba alitaka kitu kimoja tu: mtambazi usiotambaa. Uwe mfupi, ujae kwenye kopo, utoe maua hadi ukingoni, watu wa mjini wenye kibaraza cha kusimama mtu mmoja nao wapate ua.

Hakuna aliyemfundisha. Alichukua unyoya wa kuku, akapaka vumbi la ua la mmea mfupi kwenye ua la mfupi mwenzake, akangoja mbegu, akapanda, akang'oa mirefu. Jirani yake Khisa alimwita kasisi wa maua, anayefungisha ndoa bila sadaka. Makopo yalienea kila mahali. Yaliyokuwa nyuma ya choo yaliharibika yote kwa kurefuka. Patroba husimulia kwamba moja liliwahi kufunga mlango wa choo Khisa akiwa ndani, ikabidi aletewe panga kupitia dirishani. Makopo ya mlangoni pa jikoni ndiyo yaliyotulia. Kila msimu mbegu alizichukua hapo.

Na sasa hayo pia yalikuwa yameasi, wiki hii kati ya wiki zote. Jumamosi Cheruiyot, mwenye kitalu cha maua Eldoret, alikuwa anakuja kujionea. Alikuwa ameiona picha. Akiukuta mmea kama ulivyo pichani, alisema, atauchukua aukuze kwake, na jina atachagua mzee mwenyewe. Patroba alikuwa amelichagua zamani: Jael Mfupi, kwa heshima ya mkewe, ambaye naye ni mfupi na hajawahi kukubali kuelekezwa. Baada ya hapo angepumzika. Magoti yalikuwa yamechoka kuinamia makopo, na macho yamechoka kutafuta jambo jipya asubuhi na kukuta la jana.

Jael mwenyewe alikuwa Lugari kwa binti yao Wendy, aliyejifungua. Hapo ndipo Patroba alipopata wazo: maji ya vyombo. Mkewe huyamwaga mlangoni kila siku, na tangu aondoke hakuna aliyeosha chombo. Akampigia simu.

Jael alisema maji yake ni sabuni na majivu, hakuna dawa, kwani alitaka kuosha nini? Kisha akauliza kama anakula, na ugali anaulia nini.

"Obusuma na maziwa lala."

"Na mboga?"

"Mboga nitoe wapi, mama Wendy?"

Jael akacheka mpaka mtoto akaamka, akasema mwanamume huyu atakufa njaa akiwa amekalia chakula, akakata simu.

Patroba akaosha vyombo vyote, hata visafi, akamwaga maji. Alhamisi mmea ukafika kwenye bati. Akausogeza kivulini, ukanyoosha shingo kufuata jua. Akaunyima maji, mvua ikanyesha. Milo nayo haikupita kooni. Aliikumbuka mboga ya Jael, ile laini yenye uchungu wa mbali, aliyoila miaka yote bila kuuliza jina lake. Khisa alimletea sukuma wiki akala kwa adabu tu.

Ijumaa jioni alitoka na mkasi. Alisimama nao mbele ya kopo kwa muda mrefu. Kukata ncha kungechukua dakika chache, na mmea ungekaa sawasawa na picha. Lakini mmea wa kukatwa ni mrefu ulionyolewa, hata Khisa anaweza kuutengeneza. Ufupi wa kweli hutoka kwenye mbegu. Akarudisha mkasi kwenye droo, akaenda kulala na viatu.

Cheruiyot alifika, akatazama kopo, akafuata mmea kwa macho hadi juu ya paa.

"Mzee," alisema taratibu, "ule wa kwenye picha ulikuwa umeukatakata?"

"Naapa kwa kaburi la mama yangu, hakuna chuma kilichowahi kuugusa."

Cheruiyot alimtazama usoni na, la ajabu, akamwamini. Alisema pengine ni hali ya hewa. Alisema mbegu ina mambo yake. Hakumaliza chai. Gari lake lilipokuwa linatoka langoni, lilipishana na bodaboda iliyombeba Jael.

Patroba hakuinuka kwenye ndoo. Alitaka kumwambia mkewe kwamba yamekwisha, kwamba kesho makopo yote atampa apandie vitunguu.

Jael akatua mzigo. Akatungua kikapu chake kwenye msumari wa jikoni, akauvuta mmea kutoka kwenye bati, akaanza kuvunja ncha zake kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, upesi, bila kutazama, kama mtu anayefunga vifungo vya shati lake mwenyewe.

"Wewe baba Wendy," alisema, "siku zote hizi ulikuwa unakulanga nini? Umeacha mboga yetu ikazeeka yote."